Picha na Kipimo: Jinsi Umbali Ulivyopata Kupimwa kwa Picha, na Nafasi ya Kilimanjaro katika Habari Hiyo

Mtoto wa shule hufundishwa mapema kwamba kupima ni kazi ya mkono. Ukitaka kujua urefu wa uwanja, uuendee kwa kamba au kwa utepe. Ukitaka kujua kimo cha ukuta, uupande. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini yana mpaka. Viko vitu ambavyo mkono hauvifikii: kilele kilichozungukwa na majabali, mnara uliokwisha bomoka, barafu iliyokwisha yeyuka ikawa maji na kwenda zake. Je, kitu ambacho hakipo tena chaweza kupimwa? Jibu la wataalamu ni kwamba chaweza, maadamu kilipigwa picha zamani, na maadamu katika picha ile, au kando yake, kuna kipimo japo kimoja kinachojulikana.

Makala hii yakusudia kueleza jinsi elimu hiyo ilivyopatikana na jinsi inavyofanya kazi. Tutaifuata kwa njia ya kisa kimoja, kisa kinachoanzia Rabai karibu na Mombasa, kikapita katika kanisa moja la Ujerumani, kisha kikarudi katika theluji ya Kilimanjaro. Si kisa cha kubuni. Watu wake ni wa historia, na matokeo yake yanatuhusu hata leo.

Ushahidi uliokataliwa

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai kwenda nchi ya Wachaga, aliona weupe juu ya kilele cha mlima. Alimwuliza kiongozi wake wa njia kile ni kitu gani. Yule kiongozi hakuwa na neno la theluji. Akajibu kwa neno alilokuwa nalo, akasema ni baridi. Rebmann, ambaye alikulia katika nchi ya theluji, alifahamu mara moja maana ya jibu hilo. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye walimu wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, aliuona Mlima Kenya nao ukiwa na weupe wake.

Habari hizo zilipofika Ulaya hazikupokelewa na wote. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba macho ya mmisionari yamemdanganya. Ubishi huo ulidumu kwa miaka. Tuutazame kwa makini, kwa kuwa ndani yake limo jambo zito: mtu ameona, na mwingine ambaye hakuona anakataa, na aliyeona hana kitu cha kuonyesha isipokuwa neno lake. Waswahili husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwenye macho aliye mbali atatazamaje?

Ubishi ulimalizwa kwa kupima. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na mtaalamu wa miamba, Mwingereza Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na kijana msomi aliyeitwa Otto Kersten, wakapanda mpaka zaidi ya mita 4,000. Hawakufika kileleni, lakini walikuwa na vyombo vya kupimia pembe, na sasa hoja haikuwa tena neno la mtu mmoja. Ilikuwa hesabu ambayo mtu mwingine aliweza kuikagua. Msomaji na alikumbuke jina la Otto Kersten, kwani tutakutana naye tena mahali ambapo hatukumtazamia.

Nuru haipindi njia

Kabla ya kuendelea yafaa tujiulize: picha ni nini? Katika karne ya kumi na moja, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba jicho halitoi nuru ya kwenda kukigusa kitu, kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Nuru hutoka katika kitu na kuingia jichoni, nayo husafiri kwa mstari ulionyoka. Alichunguza pia jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Kamera tunayoijua leo, kwa asili yake, ni chumba cha namna hiyo kilichofanywa kidogo.

Wachoraji wa Italia katika karne ya kumi na tano waliigeuza habari hiyo kuwa kanuni ya kazi. Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha mwaka 1435 juu ya uchoraji, alimtaka mchoraji aifikirie picha kama dirisha. Kila nukta ya dunia iliyo nje hutuma mstari wa nuru kwenye jicho, na pale mstari ule unapokata kioo cha dirisha, hapo ndipo mchoraji atie alama yake. Kwa kanuni hiyo, kuta mbili za barabara ambazo kwa hakika ni sambamba zitaonekana katika picha zikikaribiana na kukutana katika nukta moja kwenye upeo wa macho.

Hapa hesabu ya shuleni huingia mashakani. Mwalimu amesema mistari sambamba haikutani kamwe. Picha yasema inakutana. Nani mkweli? Mfaransa Girard Desargues wa mji wa Lyon alijibu mwaka 1639 katika kitabu kidogo alichochapisha nakala chache tu. Alisema tuikubali ile nukta ya mbali kuwa nukta kama nyingine, nasi tutaona kwamba mambo mengi yaliyokuwa vipande vipande yanaungana kuwa jambo moja. Watu wa wakati wake wengi hawakumwelewa, kwani lugha yake ilikuwa ngumu na istilahi zake alizitunga mwenyewe. Kitabu kikapotea. Nakala yake iliyoandikwa kwa mkono ilipatikana mwaka 1845, baada ya miaka mia mbili na zaidi. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hilo bila kutafakari: wazo zuri lililovikwa maneno yasiyoeleweka laweza kulala karne mbili.

Aliyeizindua elimu hiyo upya alikuwa askari mhandisi wa jeshi la Napoleon, Jean-Victor Poncelet. Alitekwa na Warusi mwaka 1812, akakaa kifungoni katika mji wa Saratov bila vitabu. Huko alianza kuyakumbuka na kuyajenga upya yale aliyofundishwa, akaenda mbali kuliko walimu wake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Wataalamu huiita elimu hii jiometri projektivu. Kwa Kiswahili chepesi twaweza kusema ni jiometri ya vivuli, kwa kuwa huuliza swali moja: kitu kinapotupa kivuli chake juu ya ukuta, ni nini katika umbo lake kinachobadilika, na ni nini kisichobadilika?

Yanayobadilika ni mengi. Urefu hubadilika. Pembe hubadilika. Duara huwa duaradufu. Hata uwiano wa urefu wa vipande viwili hubadilika, ndiyo maana nguzo za barabarani zilizosimikwa kwa nafasi sawa huonekana katika picha zikizidi kubanana kadiri ziendavyo mbali. Lakini mstari ulionyoka hubaki ulionyoka. Tena, kipo kipimo kimoja cha nukta nne zilizo juu ya mstari mmoja ambacho hakibadiliki kamwe, ukikitazama katika kitu chenyewe au katika picha yake. Kipimo hicho si uwiano, bali ni uwiano wa uwiano. Kilikwisha julikana kwa Pappus wa Aleksandria zamani sana, na ndicho mlango wa habari yetu.

Mfano wa barabara yenye nguzo

Tuchukue mfano ambao mwalimu aweza kuuandika ubaoni. Barabara imenyoka. Kando yake zimo nguzo tatu, A, B na C, na kutoka nguzo moja hadi nyingine ni mita 50. Mbele zaidi, kando ya barabara ile ile, umesimama mti D, ambao hatujui umbali wake. Tunayo picha ya barabara hiyo. Tukiweka rula juu ya picha kuufuata mstari wa nguzo, tunakuta kwamba kutoka A hadi B ni milimita 60, kutoka A hadi C ni milimita 80, na kutoka A hadi D ni milimita 96.

Tuanze na picha. Tunazidisha AC kwa BD, yaani 80 kwa 36, tunapata 2,880. Tunazidisha BC kwa AD, yaani 20 kwa 96, tunapata 1,920. Tukigawanya ya kwanza kwa ya pili tunapata 1.5. Hiyo ndiyo namba isiyobadilika.

Sasa twende barabarani. AC ni mita 100, BC ni mita 50. AD hatuijui, tuiite y. Basi BD ni y kutoa 50. Hesabu ile ile yatupa 100 mara (y – 50), gawanya kwa 50 mara y; na jibu lake lazima liwe 1.5. Mwanafunzi wa sekondari atakamilisha mwenyewe: y ni 200. Mti uko mita 200 kutoka nguzo ya kwanza. Hatukuufikia, wala hatukuijua kamera iliyotumika, wala mahali aliposimama mpiga picha. Tulichohitaji ni vitu viwili tu: kwamba mstari umenyoka, na kwamba nafasi za nguzo tatu zinajulikana.

Hata hivyo, tusishangilie upesi. Hebu tuseme rula yetu ilikosea kwa milimita moja, tukasoma 97 badala ya 96. Hesabu itatupa karibu mita 211. Kosa la milimita moja limezaa kosa la mita 11. Kwa nukta iliyo karibu na nguzo B, kosa kama hilo lisingefika hata mita 2. Picha, basi, ni shahidi mwaminifu, lakini ushahidi wake hufifia kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Kila aliyeifanya kazi hii kwa uzito alipaswa kupambana na ukweli huo.

Mtu aliyeninginia katika kanisa la Wetzlar

Upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu huko Paris mwaka 1839. Mwanasayansi François Arago, aliyeutangaza, aliona papo hapo kwamba picha hizo, kwa kuwa zinafuata kanuni za jiometri, zingeweza kutoa vipimo vya sehemu za juu za majengo, zile zisizofikika. Katika miaka ya 1850 ofisa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Aimé Laussedat, alianza kutengeneza ramani kwa njia hiyo. Lakini aliyeifanya kuwa kazi ya maisha yake alikuwa Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, na sababu yake ilikuwa hofu.

Mwaka 1858 Meydenbauer alikuwa kijana wa miaka 24, msanifu majengo wa serikali, naye alitumwa kulipima kanisa kuu la Wetzlar. Kujenga jukwaa la kupandia kulikuwa na gharama kubwa. Kwa hiyo alipanda kwa kikapu kilichovutwa kwa kamba, akapima sehemu moja baada ya nyingine huku akining'inia. Jioni moja, akitaka kutoka kikapuni na kuingia katika dirisha la juu, kikapu kilisogea mbali na ukuta. Alibakia baina ya kikapu na dirisha, na chini yake shimo tupu. Alijisukuma kwa nguvu, akaokoka. Aliposhuka alijiuliza: je, haiwezekani kupima kwa mkono kukaachwa, na badala yake kupinduliwe ile kanuni ya wachoraji? Wao hutoka katika kitu wakapata picha. Yeye angetoka katika picha akapata kitu.

Njia yake ilikuwa hii. Picha ya kamera yenye umbali unaojulikana baina ya lenzi na bamba la kioo ni hazina ya pembe. Kila nukta ya picha yasema: mimi niko upande huu, kwa pembe kadhaa kutoka katikati. Lakini haisemi ni mbali kiasi gani, kwani kijiti kilicho karibu na mnara ulio mbali vyaweza kuonekana sawa. Ndipo huhitajika picha ya pili, iliyopigwa kutoka mahali pengine. Mstari wa nuru wa picha ya kwanza na ule wa picha ya pili hukutana katika nukta moja tu, nayo ni mahali pa kitu chenyewe. Umbali baina ya vituo viwili vya kamera ukipimwa ardhini kwa uangalifu, pembetatu imekamilika.

Mtu yeyote aweza kujionea jambo hili. Nyosha mkono, inua kidole gumba, funga jicho moja, kisha lifungue na kufunga la pili. Kidole kitaruka kutoka upande hadi upande mbele ya ukuta. Kikiwa karibu huruka sana, kikiwa mbali huruka kidogo. Kipimo cha kuruka huko ndicho kipimo cha umbali.

Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilianzisha huko Berlin taasisi ya kupima majengo kwa picha, Meydenbauer akawa mkuu wake. Alitaka kila jengo lenye thamani lihifadhiwe katika mabamba ya kioo, ili likibomoka liweze kujengwa tena kutoka katika picha. Yalikusanywa mabamba yapatayo 20,000. Meydenbauer alifariki mwaka 1921. Miaka zaidi ya ishirini baadaye vita vilibomoa majengo mengi ya Ujerumani, na mabamba yale yakatumika katika kuyajenga upya.

Jina lilipotoka

Waswahili husema milima haikutani, binadamu hukutana. Mwaka 1867 Meydenbauer alipima mji wa Freyburg kwa picha, na Desemba mwaka huo makala juu ya njia yake ilitoka katika gazeti la wasanifu majengo wa Berlin. Elimu ilikwisha kuwapo, lakini jina zuri lilikuwa halijapatikana. Aliyelipendekeza jina alikuwa mwanajiografia, naye si mwingine bali ni Otto Kersten, yule aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1862. Alitumia maneno matatu ya Kiyunani, la nuru, la mchoro, na la kipimo, akaunda neno ambalo kwa Kiswahili twalitamka fotogrametri.

Ni jambo la kupendeza kwamba mtu aliyeipa elimu hii jina lake alikuwa mmoja wa wale waliomaliza ubishi wa theluji ya Kilimanjaro. Hatutaki kudai zaidi ya hapo. Lakini mtu aliyetumia miezi katika Afrika Mashariki akipima pembe za mlima asioweza kufika kilele chake, hapana shaka alikuwa tayari kuifahamu thamani ya chombo kinachoweza kuzichukua pembe zote za mandhari kwa pumzi moja na kuzipeleka nyumbani zikahesabiwe.

Picha za mwaka 1912

Hatua iliyofuata ilitoka Jena, ambako Carl Pulfrich wa kiwanda cha Zeiss alitengeneza mwaka 1901 chombo cha kutazamia picha mbili kwa macho mawili kwa pamoja. Mtazamaji huiona mandhari ikiinuka kwa kina kama ilivyo, na alama ndogo huelea ndani yake. Akiigusisha alama ile na jabali, chombo humwambia tofauti ya mahali pa jabali katika picha mbili kwa sehemu ndogo sana za milimita. Ajabu ni kwamba Pulfrich mwenyewe baadaye alipoteza uwezo wa jicho moja, hata hakuweza tena kuuona ule uzuri aliowafungulia wengine.

Wepesi wa hesabu yake wafaa kuonyeshwa. Tuseme vituo viwili vya kamera viko mita 100 mbalimbali, lenzi iko milimita 200 kutoka kwenye bamba, na jabali limehama kwa milimita 4 baina ya picha mbili. Zidisha 100 kwa 200, gawanya kwa 4: jabali liko mita 5,000 mbali. Kosa la sehemu moja ya mia ya milimita hapo hutupotosha kwa mita 12 au 13 tu. Hiyo ndiyo tofauti baina ya rula ya darasani na chombo cha Jena.

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walifika Kilimanjaro na kamera za upimaji. Ndio waliokuwa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi katika mwaka huo huo. Lakini kazi yao kubwa haikuwa kupanda. Walizipiga picha sehemu za juu za mlima kutoka vituo vilivyopimwa, ili ramani ichorwe kwa njia ya picha pacha. Tusisahau kwamba mabamba ya kioo ni mazito na huvunjika upesi, na kwamba misafara kama hiyo haikuwezekana bila wapagazi, ambao majina yao mara nyingi hayakuandikwa. Kitabu cha Klute kilitoka Berlin mwaka 1920, wakati ambapo Ujerumani ilikwisha poteza koloni lile.

Klute alitaka kuujua mlima. Hakujua kwamba anawaandikia watu wa karne nyingine. Ramani iliyotokana na picha zake yaonyesha mipaka ya barafu kama ilivyokuwa mwaka 1912: takriban kilometa 12 za mraba. Wataalamu waliokuja baadaye walichukua picha zilizopigwa kutoka angani, wakapima barafu ile ile kwa kanuni ile ile. Mwaka 2000 zilisalia kilometa za mraba 2.6 hivi, mwaka 2011 zilikuwa chini ya 2. Vivyo hivyo katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako mpiga picha Vittorio Sella aliandamana na msafara wa Mtawala wa Abruzzi mwaka 1906. Barafu ya huko ilikadiriwa kuwa kilometa za mraba 6.5 mwaka ule. Mwaka 2003 haikufika hata moja.

Wako waliotabiri mwaka 2002 kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha baina ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yangalipo. Utabiri ni jambo moja, kipimo ni jambo jingine. Utabiri ulikosea wakati. Kipimo cha picha hakikupingika. Rebmann hakuaminiwa aliposema theluji ipo. Leo akitokea mtu na kusema theluji haikuwa nyingi, bamba la mwaka 1912 litamjibu.

Kipimo cha nani?

Haingekuwa haki kuisimulia historia hii kana kwamba ilikuwa safari ya elimu peke yake. Laussedat alikuwa mwanajeshi. Klute na Oehler walipima mlima uliokuwa chini ya utawala wa kigeni. Uingereza nayo ilianzisha mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni, na ndege zikapita juu ya Kenya, Uganda na Tanganyika zikipiga picha ambazo zilizaa ramani zilizotumiwa shuleni na serikalini kwa miaka mingi baadaye. Anayeipima nchi hutaka kuitawala, au kuitoza kodi, au kuijua mali iliyo chini yake. Wenyeji walionekana katika picha zile kama mashamba na njia, si kama wasemaji.

Lakini chombo hakimfuati bwana mmoja milele. Ramani zilizochorwa kwa ajili ya mtawala ziligeuka kuwa mali ya mataifa huru. Nyayo za kale za Laetoli nchini Tanzania, zilizofukuliwa mwaka 1978 na 1979, na ambazo umri wake wapita miaka milioni tatu na nusu, zimefukiwa tena ili zisiharibike. Lakini katika miaka ya 1990 zilifunuliwa kwa muda, zikapigwa picha za upimaji, hata leo mtaalamu aweza kupima urefu wa wayo na hatua bila kuligusa jivu lenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani nayo yamerekodiwa kwa picha na vyombo vya miali na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukuta wa Kilwa ukianguka kwa mawimbi, kipimo chake hakitaanguka nao.

Neno kwa walimu

Huenda mwalimu wa Kiswahili akauliza, mimi nina nini na hesabu hizi? Anayo kazi, tena kubwa. Yule kiongozi wa njia wa mwaka 1848 alikuwa na maarifa ya theluji kabla ya mgeni wake. Alichokosa ni neno. Desargues alikuwa na wazo, akalizika chini ya maneno magumu. Elimu isiyo na msamiati unaoeleweka haimfikii mtoto wa Bujumbura, wala wa Kampala, wala wa Bukavu. Maneno tuliyotumia hapa, yaani sambamba, uwiano, upeo wa macho, nukta, pembe, ni ya Kiswahili tayari na yameubeba mzigo huu bila kuchoka. Yaliyopungua tumeyaazima kwa matamshi yetu, kama lugha zote zifanyavyo.

Kwa kumalizia, twapendekeza zoezi moja ambalo halihitaji chombo chochote cha ghali. Picha ya kamera iliyoshikwa wima kwenye uwanja tambarare ina siri moja: mstari wa upeo wa macho hukata kila kitu kwa kimo kile kile cha kamera. Ikiwa kamera ilishikwa mita 1.5 kutoka ardhini, na katika picha shina la mwembe liko milimita 10 chini ya mstari huo, na ncha yake iko milimita 50 juu ya mstari, basi mti wote ni milimita 60, yaani mara sita ya zile 10. Mara sita ya mita 1.5 ni mita 9. Wanafunzi na waipime miti ya shule yao hivyo, kisha waandike nyuma ya kila picha mambo matatu: tarehe, mahali aliposimama mpigaji, na kimo cha kamera. Picha isiyo na maandishi hayo ni ukumbusho tu. Yenye maandishi hayo ni kipimo, na mwaka ambao mwembe ule hautakuwapo tena, kitaendelea kusomeka.